Uzi wa kondoo wa karibu: sweta tamu, lebo mbovu, mikono ya rangi mbili

Nimekaa na huu uzi karibu mwaka mzima kabla ya kuandika, kwa sababu sikutaka kuwa kama wale wanaosifia uzi siku ya kwanza ukiwa bado umekunjwa vizuri hata sindano haijaugusa. Sasa sweta imeisha, nimeivaa, nimeifua mara nne, imeshatoa vibonge kwapani, nadhani nina haki ya kuongea.

Ni uzi wa sufu tupu, haujatiwa rangi, unatoka kwenye kundi moja dogo la kondoo. Wenye kundi wananyoa wenyewe mara moja kwa mwaka, manyoya wanapeleka kiwanda kidogo kinachokubali mizigo midogo, huko yanaoshwa, yanachanwa, yanasokotwa, halafu yanarudi kwao yakiwa uzi na wao ndio wanauza. Jina la wauzaji silitaji maana nina lawama moja nao na tumeshaimaliza vizuri, sitaki watu waende kuwashambulia bure.

Nianze na harufu maana ndicho kitu cha kwanza utakachokutana nacho. Ukifungua mfuko unanuka kondoo. Sio uvundo, hapana, ni ile harufu ya mnyama msafi aliyekaa juani, lakini ipo, na kama umezoea uzi wa akriliki unaonuka plastiki au haunuki kitu kabisa utashtuka kidogo. Hiyo ni lanolini, yale mafuta ya kwenye manyoya, hawakuyatoa yote wakati wa kuosha na mimi nashukuru kwa hilo kwa sababu baada ya saa moja ya kufuma mikono yangu ilikuwa laini kuliko nikipaka losheni. Harufu inapungua kwenye kufua mara ya kwanza, mara ya pili ukainusa unaisikia tu ikilowa.

Pili, takataka. Jamani kuna vijani. Kuna vipande vya nyasi kavu humo ndani, kuna mahali nilitoa kitu kama mwiba mdogo hivi, na mara moja moja unakuta unywele mweupe mgumu uliokataa kulala na wenzake. Mwanzoni nilikasirika nikaona nimeuziwa uchafu. Ila ukifikiria, kondoo halali kwenye kabati, analala kwenye nyasi, na viwanda vikubwa huwa vinaondoa hayo majani kwa tindikali halafu vinayakausha kwa joto hadi yanageuka kaboni yanapukutika, kitu ambacho kiwanda kidogo hakifanyi. Kwa hiyo unafuma, unaona kijani, unachomoa, unaendelea. Kwenye mikunjo mitano (yaani mafungu matano ya uzi) nilitoa labda vijani thelathini. Naweza kuishi na hilo, kama wewe huwezi basi usinunue, sikudanganyi.

Kuhusu ulaini, hapa ndipo watu wanapoulizana sana kwa hiyo nitakaa kidogo. Huu uzi sio laini kama wa Merino, wale kondoo wa sufu laini sana, na wauzaji hawakusema ni laini kama Merino. Unene wa unywele wa kondoo unapimwa kwa maikroni (sehemu ya elfu ya milimita), mbegu ya Merino ni 24 kushuka chini, Corriedale iko kwenye 25 kwenda 30 na kidogo, Romney iko 30 kwenda juu. Kundi hili wanasema ni mchanganyiko wenye damu nyingi ya Corriedale, ambayo yenyewe ni mbegu iliyotengenezwa New Zealand karne ya 19 kwa kuchanganya Merino na Lincoln, watu walitaka nyama na sufu kwa mnyama mmoja. Yaani ni kondoo wa katikati. Mkononi unasikia uzi una mwili, una uhai fulani, ukiubana unarudi. Shingoni... mimi unanichoma. Sio sana, lakini nikivaa bila kitu ndani baada ya nusu saa naanza kujikuna. Na wengi wanaosema wana mzio wa sufu kiukweli mara nyingi sio mzio, ni zile ncha nene, zikipita kama maikroni 30 zinakuwa ngumu kupinda zinaidunga ngozi. Ukivaa shati ndani yake imeisha hiyo. Kwa hiyo sweta ya nje, kofia, glavu, soksi za ndani ya buti, ndiyo. Kitu cha mtoto mchanga, hapana, msinunue kwa ajili hiyo hata kama picha ya kondoo kwenye lebo inawalegeza mioyo.

Sasa lebo. Hiyo lebo ndiyo iliyonitesa miezi saba.

Lebo ni nzuri sana kwa macho, ina picha ya kondoo, imeandika mwaka wa kunyolewa, imeandika gramu 100, sufu asilimia 100, ioshwe kwa mkono. Mwisho. Hakuna mita! Mimi kwa ujinga wangu nikachukua patani (maelekezo ya kufuma) inayosema inahitaji gramu 500, nikanunua mikunjo mitano, nikajiona nimepiga hesabu. Kumbe ile patani ilitengenezwa kwa uzi wa kiwandani wenye mita 240 kwenye gramu 100, na huu wangu nilipokuja kuupima baadaye na futi ya fundi cherehani (nilikaa sakafuni nikaupima wote, msinicheke) ulikuwa na mita 200 hivi. Piga mwenyewe, patani inataka mita 1,200, mimi nina 1,000. Sweta haifumwi kwa gramu, inafumwa kwa mita, hii kitu ningeambiwa siku ya kwanza ningeokoa machozi mengi. Na wauzaji niliwauliza kabla ya kununua, nikasema ni sweta ya mtu mzima saizi ya kati, nikaambiwa tano zinatosha. Hazikutosha.

Nilikuwa nafuma kutoka shingoni kushuka chini, mwili ukaisha, mkono wa kwanza ukaisha hadi kiganjani, mkono wa pili nikafika kwenye kiwiko uzi ukakata. Nikaandika kwa wauzaji naomba mmoja tu. Hamna, umeisha. Sufu ya mwaka ule imeisha yote hadi kondoo wanyolewe tena.

Hapa nilijifunza kitu ambacho kwenye uzi wa dukani hukikuti. Uzi wa kiwandani ukiisha unatafuta namba ileile ya rangi unaendelea na maisha. Uzi wa kundi dogo ni mavuno, ni kama mazao ya shamba, mwaka huu ni mwaka huu. Kondoo wa rangi ya kahawia jua linampauza ncha za manyoya, na wengine wakizeeka wanaanza kutoa mvi kama sisi tu. Kwa hiyo kondoo walewale, shamba lilelile, mwaka unaofuata uzi unatoka na rangi nyingine. Ushauri wangu wa kwanza na mkubwa, nunua wote kwa mpigo na ongeza mmoja wa akiba, ukibaki utafuma kofia.

Na kabla hamjasema wauzaji wachoyo wangeweka akiba, nilikwenda siku ya kunyoa mwaka uliofuata (walialika wateja) nikaona kwa nini hakuna akiba. Kondoo mmoja anatoa manyoya labda kilo tatu nne. Yanatandazwa kwenye meza, halafu wanaanza kuyapunguza pembeni, ya tumboni yanatupwa, ya miguuni yanatupwa, ya mkiani yenye mavi yaliyoganda hayo hata usiulize. Yanayobaki yakioshwa yanapungua tena, kutegemea mbegu unaweza kupoteza theluthi mpaka karibu nusu ya uzito, mafuta, jasho na vumbi. Kisha kwenye kuchana na kusokota kuna nyingine inabaki kwenye mashine. Kwa hiyo lile furushi kubwa unaloliona juu ya meza ukadhani litatoa sweta sita linatoa mbili, tatu ukibahatika. Kuanzia siku ile sijawahi kulalamika tena kwamba uzi wa hivi ni ghali kuliko akriliki.

Nilijaribu kuosha kidogo mwenyewe, walinipa fungu la bure. Maji ya moto kweli, nyuzi joto kama 60, maana lanolini inayeyuka karibu na 40 na ukitumia maji ya vuguvugu utakuwa unaibembeleza tu. Sabuni ya vyombo, unalaza manyoya taratibu, hukorogi, husugui, unayatoa maji yakiwa bado ya moto kwa sababu yakipoa humo ndani mafuta yanarudi kwenye manyoya yananata vibaya zaidi. Mimi nilikoroga. Nikapata kitu kama zulia la paka. Nimeliweka kama ukumbusho.

Turudi kwenye uzi wenyewe. Umesokotwa kwa mtindo wa manyoya yaliyochanwa yakaelekea kila upande, sio yale yaliyolazwa sambamba kama nywele zilizochanwa kwa kitana. Maana yake uzi una hewa nyingi ndani, ni mwepesi, una joto, lakini haung'ai na sio mgumu sana. Ni nyuzi mbili zilizosokotwa upande mmoja halafu zikaunganishwa kwa kusokotwa upande wa pili, na wamesawazisha vizuri, ukiuachia hauanzi kujinyonganyonga. Kuna sehemu nene na sehemu nyembamba ila kwenye kitambaa hazionekani, zinajificha zenyewe. Mara mbili ulinikatikia mkononi nilipovuta kwa nguvu. Niliufumua mara nyingi kwa sababu zangu mwenyewe na ulivumilia kufumuliwa mara mbili tatu, ya nne unaanza kuwa na manyoya manyoya na mishono inashikana, hapo unatumia lugha ambayo siwezi kuiandika hapa.

Kwenye kufua ndio unaona maajabu. Kitambaa kikitoka kwenye sindano kinaonekana kikavu, mishono imekaa ovyo, ukisema loo nimeharibu. Ukikiloweka dakika ishirini, ukakikamua ndani ya taulo bila kukisokota, ukakilaza kikauke, uzi unafunguka, unajaza matundu yote, kitambaa kinakuwa kama kimefumwa na mtu mwingine anayejua. Ila pia kinabadilika kipimo! Sampo yangu (kile kipande kidogo cha majaribio) kabla ya kuosha ilikuwa na mishono 20 kwenye sentimita 10, baada ya kuosha 18. Mishono miwili inaonekana midogo, kwenye sweta yenye mishono 180 kuzunguka ni sentimita 90 kuwa 100. Kwa hiyo fuma sampo, ioshe, ikaushe, ndio upime. Najua hakuna anayependa kufuma sampo. Fuma hivyohivyo.

Mashine ya kufulia usithubutu. Uzi wa sufu unaosema unafuliwa kwa mashine umepitishwa kwenye klorini kulainisha magamba ya unywele halafu ukapakwa utando mwembamba kama plastiki juu yake. Huu haujafanyiwa hivyo, magamba yake yote yapo, ukiuweka kwenye maji ya moto na kuusukasuka yanashikana, sweta inaganda inakuwa ya mdoli. Lakini hayohayo magamba yana faida ambayo nilifundishwa kwenye kikundi na sitakaa niisahau, ukitaka kuunganisha uzi mpya na wa zamani huhitaji fundo, unachambua ncha mbili, unazilaza pamoja, unazilowesha (kwa mate, ndiyo, mate, mnisamehe) unazisugua katikati ya viganja kwa nguvu mpaka zipate moto na zinakuwa uzi mmoja. Hakuna fundo, hakuna kamkia ka kuficha. Mara ya kwanza nilipoona mama mmoja anatemea uzi mkononi nilidhani ana matatizo.

Ndio tufike kwenye kikundi, maana huu uzi ulikuja na kikundi na siwezi kukadiria kimoja bila kingine. Ukinunua unaambiwa kuna watu wanakutana kila wiki mbili wanafuma uzi wa kundi hili na mwingine wowote, karibu. Nilikuwa mtu wa kufuma peke yangu chumbani, nilikwenda kwa sababu ya ule mkono wa pili tu, nikiwa nimeubeba kwenye mfuko kama mtu anayepeleka mgonjwa hospitali. (Kundi la kondoo, kikundi cha wafumaji, tofauti ni hako ka-ki tu, na ukituona tunavyofuata mtu mmoja akianza shali mpya tofauti yenyewe inapungua.)

Mkutano wa kwanza nilikaa pembeni. Kuna mama mtu mzima hivi ambaye hafumi kwa kuangalia, macho yako kwa watu, mikono inajua njia. Aliniona nimeshika sweta na sindano hazina uzi, akasema, "Mwanangu, huo umekuishia au umekasirika naye?" Nikasema umeniishia mama. Akaichukua, akaigeuza ndani nje, akahesabu mistari, akanyamaza muda mrefu mpaka nikaogopa. Halafu akasema ningoje uzi wa mwaka unaofuata, uje na rangi yake, na ukifika nifumue mkono ulioisha kutoka kiganjani mpaka kiwiko.

Jamani. Nifumue mkono mzima uliokwisha? Nilitaka kulia. Lakini hesabu yake ilikuwa ya kweli, kwa kuwa nilifuma kushuka chini, kufumua kuanzia kiganjani ni kuvuta tu, unarudi mpaka kiwiko, na sasa mikono yote miwili inaishia mahali pamoja, kuanzia hapo inapokea rangi mpya sawasawa. Mkono mmoja ukiwa na rangi nyingine ni kosa, mikono yote miwili ni mtindo. Na kwenye maungio, mistari miwili ya uzi wa zamani, miwili ya mpya, kwa sentimita kama sita hivi, ili jicho lisione mpaka.

Miezi saba sweta ilikaa kwenye kapu bila mikono kamili na mimi niliendelea kwenda kwenye kikundi bila kazi ya maana, nikafuma soksi moja (moja!), nikafundishwa kusokota kwa kijiti chenye kisahani chini, nikaangusha kile kijiti mara zisizohesabika mpaka dada mmoja akaniwekea mto sakafuni. Mwezi wa sita tulikwenda kufuma nje bustanini, ile siku ya kufuma hadharani inayofanyika nchi nyingi tangu 2005, wapita njia wanasimama wanauliza mnauza, tunasema hapana, wanauliza sasa mnafanya nini, na kiukweli jibu zuri hatukuwa nalo.

Nisikipambe kupita kiasi. Kuna kaubaguzi fulani kwa wanaofuma akriliki, hawasemi ila wanagusa uzi wako halafu wanarudisha mkono haraka, mimi naona ni upuuzi, mtu mwenye watoto watatu na mashine ya kufulia hana muda wa kubembeleza sufu. Kuna mmoja anayejibu kila swali lililoulizwa kwa mwingine. Na wanaume wawili wanaokuja wanapigiwa makofi kwa kofia ambayo sisi tukifuma hakuna anayegeuka. Lakini ukikwama hakuna atakayekuacha, sindano unaazimwa, patani unasomewa, na sweta yako ikiwa mbaya unaambiwa mapema kabla hujafika kwapani.

Uzi mpya ulifika. Kondoo walewale, na rangi ilikuwa hafifu zaidi, kahawia iliyoingia majivu. Nikafumua. Nikachanganya mistari miwili miwili kama nilivyoambiwa. Sasa watu wananiuliza patani ya mikono imetoka wapi.

Uimara, baada ya kuvaa sana: vibonge vimetoka kwapani na ubavuni ninapobebea mkoba, nilivitoa kwa mkono, baada ya mara ya pili vimepungua. Viwiko vipo sawa. Soksi sikushauri utumie huu peke yake, kisigino kinaisha haraka, uzi wenye hewa hivi hauvumilii kusagwa na kiatu. Joto lake ni la kweli, na kitu ninachokipenda zaidi ni kwamba nilinyeshewa na manyunyu na haikunipa baridi, sufu inaweza kunywa unyevu mpaka kama theluthi ya uzito wake kabla hujasikia umelowa. Ukiihifadhi ifue kwanza, nondo wa nguo wanapenda jasho na uchafu kwenye sufu, halafu mfuko unaofungwa vizuri. Mwenzetu mmoja aliweka shali kabatini bila kufua na sasa ana shali yenye madirisha.

Je nitanunua tena? Nimeshaagiza ya msimu ujao, mikunjo saba, kwa sweta ya mita 1,200. Niliwaandikia wauzaji kuhusu mita nikiwa bado na hasira kidogo, wakanijibu kwamba kiwanda hakiwapimii na wao hawakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anahitaji, mteja wa kwanza kulalamika ni mimi. Wameomba msamaha wakasema watapima mkunjo mmoja kila awamu na kuandika kwa kalamu nyuma ya lebo. Mkunjo mmoja wa majaribio walionitumia, nyuma ya lebo umeandikwa "mita 205 hivi". Nimeupima sakafuni, ni 203.